Godoro la Mjukuu na Shati la Kipaza

Godoro la pamba halishonwi na mtu mmoja. Nalisema hili mapema, maana yote yaliyotupata wiki ile yalianzia hapo.

Kwanza pamba inapigwa kwa fimbo mpaka ilainike. Kisha inajazwa kwenye kitambaa cha mistari, pembe zinashindiliwa kwa ngumi, na mdomo unafungwa. Halafu godoro linasimamishwa kwa ubavu kwenye fremu ya mbao, kama ukuta katikati ya chumba. Fundi mmoja anakaa huku na mwingine anakaa kule, na hawaonani. Sindano yenyewe ni ndefu kama mkono wangu kutoka kiwikoni mpaka kwenye vidole. Wa upande utakaolala chini anaipenyeza, wa upande wa juu anaipokea na kuirudisha pembeni kidogo, kisha yule wa chini anavuta uzi mpaka godoro libonyee, anafunga fundo. Ndiyo vile vibonyeo mnavyoviona.

Sasa, kwa kuwa hamuonani, mtu anaweza kumchoma mwenzake mkono, au hata uso. Kwa hiyo sisi tuna utaratibu wetu. Kabla ya kupenyeza sindano unasema, "Hodi." Mwenzako akishaondoa mikono na kurudi nyuma, anajibu, "Karibu." Bila karibu, sindano haiendi. Mtu akipita nje ya karakana yangu, ambayo ni chumba cha mbele cha nyumba yangu, husikia hodi, karibu, hodi, karibu, kutwa nzima, kama wanawake wawili wanaotembeleana bila kuchoka.

Upande wa juu ni mimi. Upande wa chini ni Wifi.

Wifi si wifi yangu wa kweli. Alikuja kutoka ng'ambo ya mpaka miaka mingi iliyopita, amebeba mtoto mgongoni na begi lililofungwa kwa kamba, akaniomba maji. Nilikuwa napambana na godoro peke yangu, nazunguka mbele, nazunguka nyuma, jasho linanitoka. Akanywa maji, akaweka kikombe chini, akaenda upande wa pili wa godoro bila kuambiwa. Jioni nikamwambia, "Wewe nitakuita wifi, maana ni wifi pekee anayeweza kuja kwa mtu siku ya kwanza na kuanza kukosoa mishono." Jina likashika. Siku hizi nikipiga kelele "Wifi yuko wapi?" vijana wanaopita wanatoa simu mifukoni.

Kaka yangu mdogo ndiye hakulipenda jina hilo. "Dada, wifi kwa nani? Mimi ndiye kaka yako pekee, na sijamwoa huyo mama." Lakini alipoacha kuendesha malori, mgongo ukiwa umeharibika kabisa, ni mimi na Wifi tuliomshonea godoro, na Wifi ndiye aliyesema tushindilie pamba zaidi pale katikati. Tangu hapo kaka yangu analala kama mtoto mchanga.

Basi mwaka ule wa uchaguzi akatokea mgombea mmoja, Bwana Ufagio. Jina lake halisi lilikuwa kwenye mabango, lakini watu walimwita hivyo kwa kuwa kila alipopanda jukwaani alishika ufagio. "Nyumba yetu imejaa wageni!" anasema. "Tuifagie!" Na watu wanainua mifagio juu. Madukani mifagio ikaadimika. Jirani yangu wa mbele alinunua miwili, na ua wake ulikuwa na majani makavu mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Sitasema watu walikuwa wajinga. Vibanda vya soko ni vichache kweli, na vijana wengi wamemaliza shule na wanakaa barazani. Mtu akiwa hana kibanda, akimwona mgeni anacho, moyo unamuuma. Bwana Ufagio aliujua moyo huo na akaukalia.

Kaka yangu alimpenda kuliko wote. Mkewe alishafariki, lori hana, nyumbani alikuwa anabishana na redio. Siku moja Bwana Ufagio akamshika mkono mbele za watu, akampa shati lenye picha ya uso wake kifuani mpaka tumboni, akamkabidhi kazi ya kutangaza. Gari likawekwa spika juu ya paa, naye akapewa kipaza sauti kidogo kisicho na waya, cha kuvaa shingoni. Mtaa ukamwita Kipaza. Sijapata kumwona na furaha kama ile tangu siku alipopata leseni.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano sokoni, Jumamosi alasiri. Watu wangeulizwa kama wageni wanyang'anywe vibanda au waachiwe. Wifi alikuwa na kibanda kimoja, tunakouzia magodoro. Kipaza akawa anazunguka kutwa kutangaza. Na siku moja, saa ya chai, gari lake likasimama chini ya dirisha la Wifi, akasoma karatasi yote ya Bwana Ufagio, neno kwa neno: hawa watu wafungashe, hawa watu warudi walikotoka.

Kesho yake Wifi hakuja kazini. Nikamfuata. Nilimkuta amekunja mapazia.

"Jumapili kuna basi, dada," akaniambia. "Binti yangu kule ana chumba. Wakishachukua kibanda sitasubiri waje kwenye nyumba."

"Bado hawajachukua."

"Kaka yako ameniambia nifungashe. Nafungasha."

"Na godoro la mjukuu?"

Hapo akakaa kitako. Mjukuu wangu alikuwa anaolewa wiki iliyofuata, na Wifi ndiye aliyemlea mgongoni wakati mimi napiga pamba. Godoro lake lilikuwa kwenye fremu, limeshonwa nusu. Wifi akanyoosha pazia magotini, akalikunja tena, ingawa lilikuwa limekunjwa vizuri.

"Tafuta mtu wa kushika upande wa chini," akasema.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Kipaza anakunywa chai yangu.

"Umeona ulichofanya?" nikamwuliza.

"Dada, mimi simchukii mtu. Ni utaratibu tu."

"Utaratibu ndio uliokusimamisha dirishani kwake?"

"Pale palikuwa na kivuli."

"Sawa. Mafundo ya upande wa chini wa godoro lako yote ni yake. Lilete, tuyafungue, aondoke nayo. Wewe utalalia mishono yangu ya juu."

Akacheka, lakini nilimwona anashika kiuno. Kisha akasimama, akajipiga kifuani, usoni mwa Bwana Ufagio. "Kwani hiyo kazi ni nini hasa? Sindano na uzi! Jumamosi, kabla ya mkutano, nakuja kukaa upande wa chini mimi mwenyewe. Mtaona kama mwenyeji hawezi."

Na Jumamosi akaja kweli. Gari akaliegesha mlangoni, spika juu ya paa zimeelekea sokoni, dereva wake akaenda kunywa chai. Kipaza akapenya kati ya godoro na ukuta, ambapo ni pembamba, maana Wifi ni mwembamba na chumba nilikipanga kwa kipimo chake. Tumbo la kaka yangu likagusa godoro na mgongo ukagusa ukuta.

"Kanuni ni moja," nikamwambia. "Nikisema hodi, unarudi nyuma, unaangalia, ndipo unasema karibu."

"Nimeelewa, dada. Mimi nimeendesha lori la matela." Akabonyeza kile kidubwana cha shingoni, kikawaka taa ya kijani. Nje spika zikakohoa. "Wananchi! Wananchi wa soko na vitongoji vyake! Hapa nilipo nimeshika sindano! Leo godoro linashonwa na mwenyeji mtupu, hakuna mgeni hapa!"

Mjukuu wangu, aliyekuwa anapiga pamba pembeni, akaziba mdomo kwa kanga.

Sindano ikaja kwangu. Nikaipokea. "Hodi," nikasema.

"Karibu! Na ninawaambia, wananchi, hii kazi ni nyepesi!"

Nikairudisha. Nikasikia anavuta uzi na kufunga.

"Hodi."

"Karibu! Tumedanganywa miaka yote kwamba hatuwezi!"

Ikaenda hivyo, safu nzima ya katikati. Alikuwa akijibu karibu kabla hata sijamaliza kusema hodi, na kwa mwelekeo wa sauti yake nilijua ameelekeza uso dirishani, kwa wananchi wake. Mafundo aliyafunga kwa mtindo wa malori, lile fundo la kufungia turubai, ambalo kadiri unavyovuta ndivyo linavyokaza. Alilisifia kwenye spika.

Tukafika mwisho wa safu. "Haya, toka ukaangalie," nikamwambia.

Kisha godoro likatikisika. Likatikisika tena, fremu ikalia.

"Dada."

"Naam."

"Hili godoro limenishika."

Nikaenda kuchungulia. Lile shati la kampeni lilikuwa kubwa, maana lilikatwa kwa mtu yeyote, na lilipokuwa limening'inia mbele ya tumbo sindano ilikuwa ikitokea ndani yake kila mara, naye akivuta na kufunga fundo juu yake bila kuangalia. Limeshonwa shati, imeshonwa fulana ya ndani, kimeshonwa na kile kitanzi cha suruali kinachoshika mkanda. Kaka yangu alikuwa amejibandika kwenye godoro la mwari kama stempu.

Mjukuu wangu akaketi juu ya pamba. Hakucheka kwa sauti kwanza, alitoa tu mluzi kama birika. "Babu! Hilo godoro ni langu na mume wangu!"

"Nyamaza wewe! Dada, kata uzi."

"Uzi umezama ndani ya mikunjo ya shati. Kwa macho yangu haya nitatoboa kitambaa cha mtoto."

"Basi nivue suruali?"

"Mbele ya mjukuu wako?"

"Shati msilikate! Nimepewa mkononi. Mkutano ni sasa hivi, nasubiriwa!"

"Wa kuyafungua mafundo hayo ni mmoja," nikasema. "Ana ile ndoana yake ya spoku ya baiskeli. Unajua anapokaa, palipo na kivuli."

Ningeweza kujaribu mwenyewe. Sikujaribu. Mjukuu alikuwa ameshatoka mbio.

Wifi akaja na ndoana mkononi, kitambaa cha safari kichwani. Midomo ameikaza sana, mashavu yanatetemeka. Akafika kwenye ule upenyo kati ya godoro na ukuta, akasimama.

"Hodi," akasema.

Kaka yangu akazidi kuvuta shati.

"Hodi, shemeji."

"Mimi si shemeji yako."

"Basi hodi, mwenyeji mtupu."

"We ingia tu, mama. Kwani kuna mlango hapo?"

"Kwenye karakana hii haiingii hata sindano bila kukaribishwa. Niingie mimi?" Akaegemea fremu. "Wewe ulipokuja dirishani kwangu hukupiga hodi."

"Nilikuwa nasoma karatasi niliyopewa."

"Ukaisoma vizuri. Kwenye 'hawa watu' uliongeza sauti. Nikajiuliza, hawa watu ni nani, mbona niko peke yangu humu ndani?"

Mjukuu aliacha kucheka. Mimi nikashika ukingo wa godoro. Kaka yangu alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kitambaa cha mistari, maana hakuwa na pengine pa kuliweka.

Wifi akauliza kwa sauti nyingine, ile anayowaulizia watoto waliochubuka, "Na mgongo je? Unakuuma, kusimama hivyo?"

"Kidogo."

"Na usiku?"

"Usiku haujaniuma. Haujaniuma tangu uliposhindilia pale katikati. Nililalia godoro siku ya kwanza nikadhani nimekufa, kwa raha. Sikukuambia."

"Hukuniambia."

"Mimi ni mtu wa kuongea sana, mama, lakini vitu vingine vinanikwama. Ukiondoka..." Akavuta pumzi, godoro likavuta naye. "Usiondoke. Karibu. Karibu, shemeji, tafadhali, karibu sana!"

Na papo hapo, kutoka kule sokoni, juu ya mabati ya mtaa mzima, tukasikia sauti za watu zikiitikia kwa pamoja: "Karibuuu!" Halafu kicheko kikubwa, vigelegele, na mtu anapiga debe.

Kipaza akainua kichwa polepole. Akaangalia kifuani kwake. Ile taa ya kijani ilikuwa inawaka.

"Dada. Hiki kitu kimewaka muda wote?"

"Nilidhani unajua. Wewe ndiye mtangazaji."

Wifi hapo ndipo alipoachia. Alicheka mpaka akashika ukuta, kitambaa cha safari kikamdondoka, na kaka yangu alipoanza kucheka naye, tumbo likawa linatikisa godoro, na godoro linamtikisa yeye, ikawa kazi kumtuliza. Akaingia kwenye upenyo, akaanza kufungua fundo moja moja kwa ile ndoana. Alikuwa anamsemesha huku anafungua. "Hili umefunga vizuri. Hili ni aibu. Kwa hili ungepeleka lori popote."

La mwisho likakataa. Lilikuwa limebana kitambaa cha shati mpaka ndani. Wifi akasema, "Hapa ni kukata godoro au kukata shati."

Mjukuu akatazama godoro lake. Kaka yangu akatazama shati lake alilopewa mkononi.

"Kata shati," akasema.

Akaenda mkutanoni hivyo hivyo, shati lina tundu juu ya tumbo. Sisi tukamfuata, Wifi katikati yetu. Soko lilikuwa limejaa, mifagio imesimama juu ya vichwa. Alipopanda kwenye meza ya mwenyekiti hakujua aanze vipi, akasema tu, "Hodi, wananchi," na soko zima likamjibu, "Karibu!" Ikabidi asubiri watu wamalize kucheka.

Muuza ndoo mmoja akainua mkono. Hakuwa anacheka. "Kipaza, tumekusikia na tumefurahi. Lakini mwanangu hana kibanda. Hilo nalo litashonwa?"

"Umesema kweli," kaka yangu akajibu. "Vibanda havitoshi, na leo sisemi vinatosha. Lakini nilipokuwa pale nimebandikwa, dirisha lilikuwa ubavuni kwangu, na dirisha lile linaangalia nyuma ya soko. Kuna nini nyuma ya soko?"

"Jalala!" watu wakasema.

"Jalala, limekaa tangu mimi ni utingo. Ukiliondoa, safu nyingine ya vibanda inaenea, mwanao akiwemo. Nimewatangazia kufagia mpaka koo limekauka, mifagio mnayo, na hakuna hata mmoja wetu aliyefagia kitu! Mimi wa kwanza."

Watu wakaanza kusemezana. Wengine walimzomea, sitaficha. Mtu mmoja alimwita kigeugeu, mwingine akasema amenunuliwa kwa godoro. "Godoro nililipata zamani," akamjibu, "nilichelewa tu kushukuru." Mwenyekiti akasema wanaotaka wageni wanyang'anywe vibanda wainue mikono. Ikainuka, si michache. Kisha akasema wanaotaka waachiwe, na jalala lifagiwe. Hapo mikono ilikuwa mingi mpaka mwenyekiti akaacha kuhesabu, maana ilikuwa imeshika mifagio na mingine ilimgonga kofia. Muuza ndoo aliinua wa kwake mwishoni, nusu nusu, kisha wote. Kabla ya jua kuzama watu walikuwa nyuma ya soko wanafagia, na ndoo za kubebea takataka zilikuwa za kwake. Hata jirani yangu wa mbele alikuwepo, na mifagio yake yote miwili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona inagusa ardhi.

Bwana Ufagio aliendelea na ziara zake kwingine, na kwingine walimpigia makofi. Kwetu alihitaji mtangazaji mpya.

Jumapili basi lilipita. Wifi alikuwa upande wa chini wa godoro, mapazia yake yamerudi dirishani, na makunyanzi ya kukunjwa bado yanaonekana. Kaka yangu tulimpa fimbo apige pamba. Sindano hatumpi. Anapiga pamba huku anatangaza mambo ya mtaa bila spika, na Wifi anamwambia, "Punguza sauti, shemeji," naye siku hizi hakatai jina hilo. Mimi sisemi kitu. Nimeona tu kwamba ananyoa ndevu kila siku.

Godoro la mjukuu lilikwisha, likapelekwa kwa bwana harusi juu ya lile gari la spika. Wiki haikuisha tangu harusi, mjukuu akanipigia simu, anacheka hawezi kusema.

"Bibi, lile fundo la mwisho! Wifi alikata shati, lakini kipande kilichobanwa kimebaki kwenye godoro!"

"Kipande gani?"

"Jicho, Bibi! Jicho la Bwana Ufagio! Lilikuwa chini, tumeligeuza godoro leo kulianika, mume wangu amekaa, ameliona linamtazama, ameruka mpaka mlangoni!"

Nikamwuliza kama anataka tuje tulifungue. Kwa nyuma nikamsikia mumewe anasema liachwe, watalizoea. Nikaweka simu, nikarudi kwenye nafasi yangu upande wa juu, na kabla sijakaa vizuri sauti ikatoka upande wa pili wa godoro.

"Hodi."

Nikaondoa mikono.

"Karibu."